Vyombo vya Dhahabu Mezani pa Bwana: Ni Heshima au Ni Anasa?



Hapa Ujiji na Kigoma tunaishi na ndugu zetu Wakatoliki kama watu wa ua mmoja. Tunazikana, tunaozana, tunaalikana kwenye jubilei na upadrisho. Na kila mara watu wetu wanaporudi kutoka katika ibada hizo, mazungumzo huwa yale yale. Wameona kalisi inayong'aa kwa dhahabu, na siborio yenye kifuniko na msalaba juu yake, na chetezo kikining'inia kwa minyororo. Siku ya Sikukuu ya Ekaristi wameona monstransi ikipitishwa barabarani, mfano wa jua lenye miale, na katikati yake kioo. Mmoja atasema, "Wenzetu wanamheshimu Mungu kuliko sisi." Mwingine, hasa akiwa ni ndugu wa Uamsho, atajibu, "Hiyo ni fahari ya dunia. Bwana wetu alilazwa horini."

Maneno haya hayaishii barazani. Hufika mpaka kwenye halmashauri ya kanisa, maana mara kwa mara hutokea mtu mwenye moyo wa kutoa, akataka kununua vyombo vya fedha kwa ajili ya Meza ya Bwana. Papo hapo hutokea mwingine wa kumwuliza: Na paa linalovuja je? Na mtoto wa mjane aliyekosa sare ya shule? Wote wawili ni Wakristo, na wote wawili wana Maandiko mkononi. Swali lenyewe ni hili: je, ni halali kumpa Mungu dhahabu wakati jirani yetu ana njaa?

Sisi tuliozeeka na chaki mkononi tulizoea kuwaambia wanachuo wa ualimu kwamba swali gumu halijibiwi kabla ya kufafanuliwa. Basi na tulifafanue kwanza, tena kwa haki, maana si vema kumhukumu jirani kwa jambo ambalo hatujamwuliza maana yake.

Kalisi ni kikombe cha divai. Jina hili limetoka katika Kilatini, nalo huko maana yake ni kikombe tu. Patena ni kisahani cha mkate. Siborio ni chombo cha kutunzia mkate uliokwisha kuwekwa wakfu, na monstransi ni cha kuuonyesha mkate huo mbele ya watu. Wakatoliki hawaviabudu vyombo hivi. Wanaamini kwamba mkate na divai vimegeuzwa kuwa Mwili na Damu ya Bwana mwenyewe, nao humsujudia yeye. Kanisa letu, katika Ibara ya 28 ya zile Ibara 39, linafundisha vingine juu ya jambo hilo, na hapa si mahali pa kubishana. Lakini mtu anayeamini hivyo, tungemshangaa zaidi kama angetumia kikombe cha plastiki.

Kadhalika tusidhani kwamba dhahabu ile imewekwa kwa majivuno tu. Kanuni za Misa zao zataka vyombo viwe vya madini ya thamani, na kama ni vya madini yashikayo kutu, au yaliyo duni kuliko dhahabu, basi ndani vipakwe dhahabu. Fundi yeyote atakwambia faida yake: dhahabu haishiki kutu, wala uchachu wa divai hauili. Kanuni zao za mwaka 1970 ziliruhusu vyombo vya kuwekea mkate vitengenezwe hata kwa mti mgumu unaothaminiwa mahali penyewe, na mti uliotajwa kwa mfano ni mpingo. Mwaka 2004 Vatikano ilikataza vyombo vya kioo, vya udongo na vyote vivunjikavyo kwa urahisi. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1963 juu ya liturujia, uliwaagiza maaskofu watafute uzuri wenye heshima kuliko gharama tupu. Kumbe hata wao wenyewe wanajua kwamba kuna uzuri na kuna anasa, na kwamba mstari kati ya hivyo viwili lazima uchorwe.

Nasi tusijifanye kuwa watu wa kibuyu. Kanuni za Kanisa la Uingereza, ambalo ni mama yetu, zataka kikombe na kisahani cha Ushirika Mtakatifu viwe vya dhahabu, au fedha, au madini mengine yafaayo. Ikiwa vyetu ni vya kawaida, mara nyingi sababu ni mfuko wetu na desturi ya wamisionari waliotulea. Tusisingizie amri.

Tena sisi watu wa Ujiji, kuliko watu wengine wa bara, hatuwezi kusema kwamba vyombo vya fahari ni mambo ya kigeni. Mji huu ni wa Waswahili. Katika nyumba za majirani zetu Waislamu, siku ya harusi au ya maulidi, hutolewa mrashi wa kunyunyizia marashi na chetezo cha kufukizia ubani. Neno chetezo ndilo hilo hilo linalotumika katika kanisa la Wakatoliki. Na hata katika nyumba iliyo maskini kabisa, kuna kikombe kimoja au sahani moja iliyofungwa kabatini, isiyoguswa na watoto, ikimngoja mgeni. Mama mwenye nyumba hakufundishwa na padre wala kasisi kufanya hivyo. Anajua moyoni mwake kwamba mgeni wa heshima hapewi maji katika kopo. Basi kama mgeni wa siku moja anatolewa kikombe kizuri, ni ajabu gani mtu akitaka kumtolea Bwana wake kilicho kizuri zaidi?

Huo ndio upande wa kwanza, nao una nguvu. Biblia inautia nguvu zaidi. Katika Kutoka sura ya 31 Mungu anamjaza Bezaleli hekima na ujuzi ili afanye kazi ya dhahabu, ya fedha na ya shaba kwa ajili ya hema ya kukutania. Ufundi wa mikono unaitwa kipawa cha Roho. Lakini mwalimu mwema huwaambia wanafunzi wake wafungue na ukurasa unaofuata. Sura ya 32 ni habari ya ndama. Watu ni wale wale, jangwa ni lile lile, na dhahabu ni ile ile ya masikioni mwa wake na watoto wao. Sura moja inaagiza vyombo vya patakatifu, na sura inayofuata inatuonyesha sanamu. Dhahabu yenyewe haikubadilika hata kidogo. Na katika 2 Wafalme sura ya 18 mfalme Hezekia anavunja nyoka ya shaba, chombo ambacho Musa alikitengeneza kwa amri ya Mungu mwenyewe, kwa kuwa watu walikuwa wamefika kuifukizia uvumba. Chombo kilichoanza vema kinaweza kumalizika vibaya. Wazee walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Haifai pia kusahau kwamba dhahabu ina jasho la watu. Kwa karne nyingi mafundi wa Ulaya walipaka dhahabu juu ya vyombo kwa kutumia zebaki. Waliichanganya na dhahabu, wakapaka, wakaichoma moto mpaka zebaki ikatoka kwa moshi, na moshi ule ukawaua polepole. Katika nchi yetu wachimbaji wadogo wa Geita na Chunya wametumia zebaki hiyo hiyo kukamatia dhahabu, nao wamedhurika. Anayekitazama kikombe kinachong'aa na aikumbuke na mikono iliyokitengeneza.

Sasa tuingie katika kiini cha shauri letu. Je, Kanisa lilipata kupima uzito wa chombo kitakatifu na uzito wa mtu? Ndiyo, zamani sana, na jibu lake latuhusu sisi wa Ujiji kuliko watu wengi.

Baada ya vita vya Adrianople mwaka 378, watu wengi wa dola ya Roma walichukuliwa mateka. Ambrosi, Askofu wa Milano, alivunja vyombo vitakatifu vya kanisa lake na kuviyeyusha ili awakomboe. Wapinzani wake walimlaumu, wakasema amenajisi vitu vya Mungu. Yeye alijitetea bila haya: vyombo vilivyo hai, ndio wanadamu, ni vya kulindwa kuliko vile vya madini. Agostino, Askofu wa Hippo, mji ulio katika nchi ya Algeria ya leo, Mwafrika mwenzetu aliyefariki mwaka 430, alifanya vivyo hivyo kwa ajili ya mateka na maskini. Na katika mji wa Amida, ulioko Uturuki ya leo, karibu na mwaka 422, Askofu Akakio aliwaona mateka wa Kiajemi wapatao 7,000 wakifa njaa mikononi mwa askari wa Roma. Waajemi wale walikuwa adui, wala hawakuwa Wakristo. Akawakumbusha makasisi wake kwamba Mungu hali wala hanywi, hana haja ya sahani wala vikombe. Wakayeyusha vyombo vya dhahabu na fedha, wakawakomboa mateka, wakawalisha, wakawapa na masurufu ya njiani, wakawarudisha kwao. Katika karne ya 6 sheria ya Kaisari Justinian ilikataza kuuza vyombo vitakatifu, lakini ikaacha mlango mmoja wazi: kuwakomboa mateka.

Ndugu msomaji, ona jinsi watu hawa walivyofikiri. Hawakusema kwamba vyombo vya dhahabu ni dhambi. Waliviweka, wakavitumia, wakavitunza kwa heshima. Lakini siku mtu alipokuwa katika mnyororo, chombo kilishuka na mtu akapanda. Kwao chombo kitakatifu kilikuwa pia akiba ya maskini, iliyowekwa mahali ambapo hapana mtu angethubutu kuitumia kwa tamaa yake mwenyewe.

Tumesema kwamba habari hii yatuhusu sisi wa Ujiji. Mji wetu ulikuwa kituo kikubwa cha misafara ya pembe za ndovu na watumwa. Wamisionari wa Afrika, wale tuliozoea kuwaita Mapadre Weupe, walifika Ujiji Januari 1879, miezi michache baada ya wenzao Waprotestanti wa London Missionary Society, waliofika Agosti 1878. Katika miaka ile Mapadre Weupe walitoa mali kuwanunua watoto watumwa ili wawaachilie na kuwalea katika vituo vyao kandokando ya ziwa. Mmoja wa watu waliokombolewa na shirika hilo, ingawa si hapa bali huko jangwani Sahara, ni Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na mto Niger, akauzwa angali mtoto, akanunuliwa na mapadre, akasomeshwa utabibu katika kisiwa cha Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, kusini mwa ziwa letu hili, akawatibu watu huko mpaka alipofariki mwaka 1956. Hesabuni wenyewe: ni miaka 67. Fedha iliyomkomboa mtoto yule ingeweza kununua chombo cha altare. Ni kikombe gani kingezaa matunda ya namna hiyo?

Hapa baadhi ya wasomaji wetu watapiga makofi, wakisema, "Naam! Basi sisi wenye vikombe vya kawaida ndio tulio sawa." Polepole, ndugu zetu. Kuna upande wa pili, nao ndio unaotuchoma sisi.

Katika Injili ya Yohana sura ya 12, Mariamu wa Bethania anammiminia Bwana marhamu ya bei ya dinari 300. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, kwa hiyo ile ilikuwa karibu mshahara wa mwaka mzima. Aliyesimama kuwatetea maskini ni nani? Ni Yuda. Na Mwinjili anaeleza wazi kwamba hakuwa na habari na maskini. Mfuko ulikuwa mkononi mwake naye alikuwa mwizi. Bwana hakumkemea Mariamu. Basi yawezekana kuwataja maskini kwa sauti kubwa na lengo likawa mfuko.

Historia ya kanisa letu wenyewe ina jambo la namna hiyo. Katika miaka ya 1552 na 1553, wakati wa Mfalme Edward wa Sita, wajumbe wa serikali walizunguka makanisa ya Uingereza wakiandika vyombo vyote, kisha vikachukuliwa, kila parokia ikaachiwa kikombe kimoja au viwili. Mahubiri ya wakati ule yalikuwa juu ya usafi wa ibada, na mengi katika hayo yalikuwa mema. Ni katika matengenezo hayo walei walirudishiwa kikombe walichokuwa wamenyimwa. Lakini fedha na dhahabu zile zilikwenda katika hazina ya mfalme aliyekuwa na madeni. Ambrosi aliyeyusha vyombo, na watu wa mfalme waliyeyusha vyombo. Moto ni mmoja, lakini mwisho wa mmoja ulikuwa mateka akirudi nyumbani kwake, na mwisho wa mwingine deni la mfalme likipungua.

Kwa hiyo twawauliza waumini wenzetu, nasi tumo: kikombe chetu ni cha bei rahisi, je, ile fedha tuliyookoa kwa kutonunua cha bei ghali ilikwenda wapi? Kama ilimfikia mjane, tuna haki ya kunyamaza kwa furaha. Kama ilibaki mifukoni, ikaishia katika sherehe za harusi na vitenge vipya vya sikukuu, basi hatuna la kumwambia Mkatoliki. Yeye angalau alimpa Mungu. Kiswahili chenyewe chatukumbusha, maana neno fedha lina maana mbili: ni yale madini meupe ya kikombe, na ni hela ya kununulia sare ya mtoto. Asiyetoa hii wala ile asijiite mtu wa kiasi.

Mwalimu wetu bora katika jambo hili ni Mwanglikana wa nchi hizi. Frank Weston alikuwa Askofu wa Zanzibar tangu mwaka 1908 hadi kufa kwake mwaka 1924. Alikuwa mtu wa uvumba na mavazi na vyombo vya fahari, kuliko wengi wetu tungependa. Lakini mwaka 1920 ndiye aliyeandika kijitabu kikali kupinga kazi ya kulazimishwa iliyowekwa juu ya Waafrika wa Kenya. Na mwaka 1923, katika mkutano mkubwa wa Waanglikana wapenda ibada za namna yake huko London, aliwaambia wazi kwamba hawana haki ya kudai wanamwabudu Yesu aliye altareni wakati hawamhurumii Yesu aliye katika vibanda vya maskini wa mji. Hakuwataka wapunguze heshima ya altare. Aliwataka waifikishe heshima ile mpaka mtaani.

Basi maoni yetu ni haya, nayo twayaleta mbele ya halmashauri na mbele ya kila Mkristo ayapime.

Kwanza, mtu akitaka kulitolea kanisa chombo kizuri kwa mali yake mwenyewe, kama alivyofanya Mariamu, asizuiwe wala asisimangwe. Lakini chombo kisinunuliwe kwa mchango wa lazima, wala jina la mtoaji lisichorwe mahali ambapo jicho la mwenye kushiriki litaliona kabla ya kumkumbuka Bwana.

Pili, siku chombo kinapopokelewa, na iandikwe katika kitabu cha halmashauri kwamba ukitokea msiba mkubwa wa watu, chombo hicho chaweza kuuzwa, na hapana atakayeona ni kufuru. Mtu asiyeweza kukubali sharti hilo amekwisha kuanza safari ya kutoka sura ya 31 kwenda sura ya 32. Na misiba haiko mbali nasi. Mei 2015 maelfu ya watu wa Burundi walikimbilia kijiji cha Kagunga, kando ya ziwa letu upande wa kaskazini. Kipindupindu kikawaingilia. Meli ya Liemba ikawa inawaleta Kigoma, wakapokelewa katika Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha wakapelekwa kambi ya Nyarugusu, ile iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo. Hao ndio Waajemi wa Akakio, waliofika mlangoni petu.

Tatu, halmashauri ikiamua kutonunua chombo, kwa sababu maskini wana haja zaidi, basi kiasi kile kile cha fedha kihesabiwe na kutiwa katika sanduku la maskini Jumapili hiyo hiyo, nao Umoja wa Akina Mama wapewe kazi ya kukifikisha. Kama fedha haikuonekana siku ile, tujue kwamba aliyesema mkutanoni ni Yuda.

Tukifanya hivyo, tutaweza kuingia katika kanisa la jirani zetu, tukaitazama kalisi yao bila wivu wala dharau, tukarudi kwetu na kushika kikombe chetu kwa mikono miwili, tukijua kilichotupasa kufanya Jumatatu.

Mungu wetu, aliyejifanya maskini kwa ajili yetu, atujalie mioyo ya namna hiyo. Amina.